Ofisi ya Nyuma ya Nyumba kwa Bajeti Finyu: Fedha Ziende Wapi

Mtu anayetaka kujenga kibanda cha kufanyia kazi nyuma ya nyumba, na mfuko wenyewe umepwaya, swali lake la kwanza huwa ni mbao gani zina bei nafuu. Mimi ningeanza na jingine: ni sehemu gani za kibanda hiki sitaweza kuzigusa tena kikishasimama? Ukishapiga sakafu, msingi huugusi tena. Ukishaweka dari, kufumua paa ni vita. Kebo ya umeme ikishafukiwa ndiyo basi. Lakini rangi, rafu, zulia na hata mlango, hivyo utabadilisha mwezi wowote utakaopata nafuu.

Nilipojenga cha kwangu nilipanga bajeti kwa kufuata mstari huo, na zaidi ya nusu ya fedha iliishia chini ya miguu na juu ya kichwa. Kuta kwa ndani zilikaa muda mrefu bila kufunikwa, miti yote ya fremu inaonekana. Watu niliokuwa nikizungumza nao kwa simu za video hawakujua lolote, maana nyuma ya kiti nilitundika shuka.

Kabla hujanunua hata msumari, uliza halmashauri ya eneo lako. Sehemu nyingi huruhusu kibanda kidogo bila kibali, lakini kuna masharti ya kimo cha jengo, umbali kutoka mpaka wa jirani, na kama kuna mtu atalala humo. Ukiwa mpangaji, mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na ujenge kwa skrubu na bolti badala ya misumari ili siku ukihama kibanda kifunguliwe na kuondoka nawe.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo fedha huvuja bila mtu kuona, kwa sababu wengi huchora kwanza halafu ndipo waende kununua. Anza na shiti. Shiti ya plaiwudi ya kawaida ina upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, yaani futi 4 kwa 8. Panga shiti 3 ubavu kwa ubavu na umepata sakafu ya mita 2.44 kwa 3.66 bila kukata hata kipande. Ukiamua sakafu iwe mita 2.6 kwa 3.8 kwa sababu tu namba zimekupendeza, utanunua shiti za ziada kisha ubaki na rundo la vipande visivyofaa hata kwa rafu. Na eneo hilo la shiti 3 linatosha: meza yenye kina cha sentimita 60 hadi 75, karibu mita moja ya kurudisha kiti nyuma, na bado inabaki nafasi ya kabati jembamba ukutani.

Msingi hauhitaji jamvi zima la zege. Kwa kibanda chepesi cha mbao, bloku za zege zinatosha, mradi ardhi iwe ngumu na maji yasituame hapo. Ondoa majani na udongo wa juu wenye mizizi, mwaga kokoto, shindilia, kisha panga bloku 12 katika safu 3 za bloku 4, kila moja ikiwa mita 1.22 hivi kutoka kwa mwenzake. Juu yake zinakaa boriti. Kati ya bloku na boriti weka kipande cha plastiki nzito ili unyevu usipande kwenye mbao.

Acha angalau sentimita 15 kati ya ardhi na mbao za chini kabisa. Hewa ipite, mvua ikirusha matone yasifike, na kubwa zaidi, uweze kuinama na kuchungulia. Mchwa anapotaka kupanda hujenga njia nyembamba ya udongo juu ya bloku. Ukiiona leo, unaivunja leo na kuweka dawa. Mbao zikigusa udongo moja kwa moja hataijenga hiyo njia. Ataingia tu, nawe utapata habari sakafu itakapobonyea.

Bloku zote lazima ziwe sawa kwa kimo, na hapa huna haja ya kifaa cha gharama. Pima maji fupi ya fundi haitoshi kutoka kona hadi kona, lakini mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa mita kama 8, unamaliza kazi. Ujaze maji taratibu mpaka mapovu yote yatoke. Mmoja ashike ncha moja kwenye bloku ya kwanza, mwingine apeleke ncha ya pili kwenye bloku nyingine. Subirini maji yatulie. Kimo cha maji ni kilekile pande zote mbili, hata mpira ukipinda njiani, hata kukiwa na kifusi katikati. Weka alama kwenye kijiti kila upande, kisha pandisha au shusha bloku hadi zilingane. Angalieni tu pasiwe na povu lililobaki wala mtu aliyekanyaga mpira.

Kwa kona, tumieni ile tatu-nne-tano ya mafundi: kwa sakafu hii tumia nusu yake, pima mita 1.5 upande mmoja, mita 2 upande wa pili, na mstari unaounganisha ncha hizo ukifika mita 2.5 kamili, kona yako ni mraba. Fremu ya sakafu ikishakamilika, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwe sawa. Visipokuwa sawa usiendelee, kwa sababu sakafu iliyopinda itakutesa kwenye kila shiti ya ukuta na kila bati la paa.

Kwa kuta nilitumia mbao za inchi mbili kwa nne, nikisimamisha mti kila baada ya sentimita 61. Hiyo ni nusu ya upana wa shiti, hivyo kingo za shiti huangukia katikati ya mti na kupigiliwa vizuri. Kila ukuta unahitaji kitu cha kuuzuia usiyumbe: ama plaiwudi yenyewe, ama mbao ya mshazari kutoka chini kona moja hadi juu kona nyingine. Kwa nje, mbao nyembamba zinazopandana kama magamba ya samaki hupendeza na humwaga maji, lakini bati linalosimama wima ni rahisi zaidi na halihitaji rangi mara kwa mara. Nilichagua bati pande za mvua na mbao upande unaoonekana kutoka nyumbani. Majivuno kidogo yanaruhusiwa.

Vitu vilivyotumika ndivyo vitakavyookoa bajeti, hasa madirisha na milango. Ila nunua kwanza dirisha, ndipo ujenge tundu lake. Ukiacha tundu halafu uanze kutafuta dirisha la kuliziba, utaishia kutengenezesha jipya. Mlango uwe na upana wa kupitisha meza yako. Kuna watu wamefungua meza vipande vipande kwa kusahau hilo. Kwa mbao kuukuu, funga jicho moja uangalie kwa urefu wa kingo kama imepinda, kisha choma kwa bisibisi sehemu kadhaa. Bisibisi ikizama bila nguvu, iache.

Mbao za paleti, yale majukwaa ya kubebea mizigo, ni nzuri kwa rafu na kuta za ndani, lakini soma muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake zilipashwa joto kuua wadudu, hizo chukua. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methyl bromide, hizo usiziingize kwenye chumba utakachokaa mchana kutwa. Na mtu akikupa bure mabati ya zamani ya saruji yenye mawimbi, shukuru na ukatae: mengi ya zamani yana asbesto, na vumbi lake ukilikata au kulivunja huingia kwenye mapafu na kubaki humo. Mlango wa kale wenye rangi tabaka kwa tabaka nao usiupige msasa mkavu, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Paa. Hapa usibane. Paa la mteremko mmoja ndilo la bei nafuu, halina kenchi za kuumiza kichwa: ukuta wa mbele mrefu, wa nyuma mfupi. Kwa kina cha mita 2.44, tofauti ya sentimita 40 kati ya kuta hizo inatoa mteremko wa kutosha kwa bati. Elekeza mteremko mbali na mlango, la sivyo kila mvua itakumiminikia kichwani ukiingia. Na bati la mita 3 linafunika kina chote likiwa zima, na bado linabaki karibu sentimita 25 za kuning'inia mbele na nyuma. Bati zima halina maungio katikati, na pasipo na maungio pana sehemu moja pungufu ya kuvuja.

Bati hufungwa kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni ambako maji hupita, na kila msumari au skrubu iwe na kofia yenye raba. Raba ibanwe ikae vizuri, isipondwe. Mabati yapandane ubavuni kwa wimbi moja na nusu, na bati linalokaa juu kwenye maungio liwe lile la upande unakotoka upepo wa mvua, ili upepo usisukume maji chini yake.

Bati tupu lina matatizo mawili ambayo watu hugundua wakishahamia. Kelele ya mvua inakufanya usisikie simu, na jua la mchana linakufukuza. Tiba ya yote mawili ni moja: dari, na juu ya dari kitu cha kuzuia joto, iwe sufi ya kioo au mbao za povu. Fedha zikitosha kuhami sehemu moja tu, hami paa uache kuta, kwa kuwa jua la kutwa liko juu. Kwenye baridi kali kuta nazo zihamiwe, na karatasi ya plastiki ikae upande wa ndani wenye joto, ili mvuke wa pumzi yako usiingie ukutani na kugeuka maji. Popote ulipo, weka matundu ya hewa mawili, moja chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, yakiwa na wavu wa mbu. Hewa ya moto hupanda yenyewe na kutoka bila feni.

Fundi nilimchukua kwa fremu na paa tu, tukakubaliana kwa kazi nzima badala ya siku. Ukilipa kwa siku, siku huongezeka. Vifaa nilinunua mwenyewe kwa orodha tuliyoiandika pamoja, na makubaliano yalisema wazi mabaki ni ya nani, kwa sababu mabaki ya mbao huanzisha ugomvi usio na maana. Orodha hiyo iwe na vitu vidogo ambavyo kila mtu huvisahau: skrubu, bawaba, kitasa, silikoni, brashi, usafiri wa mzigo. Kimoja kimoja havitishi. Vikijumlishwa vinakula kama asilimia 10 ya fedha zako kabla hujageuka.

Umeme usijaribu mwenyewe, wala usiutoe nyumbani kwa waya wa kuongezea unaopita majanini miezi na miaka. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Kebo ya kufukia iwe ile yenye ganda la chuma, au ipite ndani ya bomba, na kibanda kiwe na waya wa ardhi pamoja na kifaa kinachokata umeme papo hapo ukivuja. Unachoweza kuokoa ni jasho: chimba mtaro mwenyewe, kwa kina atakachokuambia kulingana na kanuni za eneo lako. Mwambie pia ukweli kuhusu matumizi. Kompyuta mpakato hutumia wati chache tu, mara nyingi chini ya 100, taa ya LED wati 10, feni ya mezani kama 50. Kipasha joto kimoja kinaweza kufika wati 2,000, na hicho peke yake kinabadilisha unene wa kebo na bei yake.

Mtaro ukiwa wazi, weka bomba la pili la plastiki kwa ajili ya intaneti, mbali kidogo na la umeme. Kuta za bati huzuia mawimbi ya Wi-Fi vibaya sana, na vifaa vya kuongeza nguvu huishia kugharimu zaidi ya kebo ya kawaida ya mtandao, ambayo hufanya kazi vizuri hadi mita 100. Chagua ile ya kutumika nje. Ukishaipitisha, acha pia kamba ya nailoni ndani ya bomba, ncha zake zifungwe pande zote mbili. Siku kebo ikifa au ukitaka kuongeza nyingine, unaifunga kwenye kamba na kuivuta kutoka upande wa pili, bila kuchimba tena.