Siti za Miata kwenye Ford ya 1931, nitoboe tu bati?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Ohio huku Marekani, kuna mzee jirani kaniuzia Ford Model A ya 1931 ya milango miwili, wenyewe wanaita hotirodi, yaani gari la zamani lililofumuliwa na kuundwa upya, paa lilishakatwa likashushwa, injini ni V8, ila ndani hamna siti hata moja. Nimepata mbili za Mazda Miata kwa bei ya kutupa. Sakafu ni bati tupu. Nikitoboa matundu manne kila siti nikakaza bolti na washa si inatosha? Na mkanda nifunge hapohapo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, wivu ninao. Siti umeotea, Miata kagari kembamba na siti zake nyembamba, na ndani ya Model A hakuna nafasi ya kuchezea. Ila drili iweke chini kwanza.

Kaa. Panga siti juu ya vipande vya mbao, vaa viatu unavyoendeshea, funga mlango, kanyaga klachi mpaka mwisho, goti libaki limekunja kidogo, paja lisigonge usukani na kichwa kisiguse paa, maana paa likishashushwa hapo ndo kilio kinapoanza. Ongeza mbao, punguza mbao, mpaka mwili ukubali. Ukitoa reli za siti unashuka kidogo lakini haisogei tena, sasa kama na shemeji anaendesha mkae mkubaliane.

Bati peke yake hapana. Ukigongwa bolti inachomoka na washa yake, bati linachanika tu. Chomelea skwea paipu mbili chini ya sakafu, zikatishe upande hadi upande zishike chuma kizito, siti ifungwe hapo, na pale bolti inapopita ndani ya paipu chomekea kibomba kidogo, la sivyo ukikaza paipu inabonyea na baada ya mwezi siti inacheza. Bolti ziangalie kichwani, mistari sita ndo zile ngumu zenyewe, mitatu iko chini yake, kichwa kitupu rudisha dukani.

Mkanda nao ushike chuma hichohicho cha siti, usishike bati, bolti ya inchi 7/16. Ukalie nyonga, sio tumbo. Wa begani usiuteremshe nyuma ya siti mpaka sakafuni kama wengi wanavyofanya, ukigongwa unakukandamiza uti wa mgongo, ufunge usawa wa bega.

Halafu ingia uvunguni kabla hujatoboa, breki za hizi gari zikibadilishwa kuwa za mafuta, mastasilinda, yaani pampu ya breki, mara nyingi inakaa chini ya miguu ya dereva na mabomba yake yanapita hapohapo. Tenki la mafuta kiwandani lilikuwa mbele, juu ya miguu, ila watu wa hotirodi wanapenda kulihamishia nyuma ya siti. Ukilikuta huko litoe nje kabisa kabla ya kuchomelea, na usiniambie limeisha mafuta, unaolipuka ni mvuke.