Kabla Hujalipia Wiki Nzima kwenye Rizoti ya Familia Kando ya Ziwa Minnesota

Kila ifikapo Machi, marafiki wanaoishi Minneapolis na vitongoji vyake huniuliza kama inafaa kuwapeleka watoto kwenye zile rizoti ndogo za kando ya ziwa, kaskazini mwa jimbo, zinazoendeshwa na mume, mke na watoto wao, au kama ni heri walipie hoteli kubwa yenye bwawa la kuogelea ndani. Jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, mradi mtu aelewe mapema kuwa haendi hotelini. Anakwenda kukaa katika boma la watu wanaoishi hapohapo na kufanya kazi hapohapo, ambao wana miezi mitatu hivi ya kupata riziki ya mwaka mzima: kuanzia sikukuu ya Memorial Day mwishoni mwa Mei hadi Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Ukishalielewa hilo, taratibu zao nyingi ambazo kwa mgeni huonekana kama ukali usio na sababu zitakuingia akilini bila shida.

Utaratibu wa kwanza ni wa Jumamosi kwa Jumamosi. Katikati ya msimu rizoti nyingi za aina hii hazikodishi nyumba kwa usiku mmoja au miwili. Wageni wote huondoka Jumamosi asubuhi na wapya huingia alasiri ya siku hiyohiyo, na katika saa hizo chache familia nzima, pamoja na vijana wawili watatu wa kibarua, huosha sakafu, hubadilisha magodoro yaliyolowa, hukagua injini za mashua na kuziba bomba linalovuja. Kuwapigia simu mwezi Julai ukitaka Jumatano na Alhamisi pekee ni kujisumbua bure. Hata kama wangekubali, mimi nisingekushauri. Siku ya kwanza huishia katika kushusha mizigo, ya pili watoto bado wanauliza intaneti iko wapi, na ni kuanzia ya tatu ndipo wanapotoka pekupeku tangu asubuhi na kurudi kwa ajili ya chakula tu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pale hata kupewa hungoji, kwa sababu ikifika siku hiyo utajikuta umekwisha kwenda gatini na kopo mkononi kuyachota maji ya mvua yaliyojaa ndani ya mashua, bila mtu kukuagiza.

Kupata nafasi ndiyo kazi. Familia zinazorudi mwaka baada ya mwaka hupewa haki ya kwanza ya kuchukua wiki ileile na nyumba ileile, na wapo wanaorithishana wiki hiyo kama shamba la ukoo. Kwa sababu hiyo wiki za Julai hazitangazwi, maana huwa zimekwisha kabla hazijafika sokoni. Mgeni mpya kwa kawaida hubakiziwa mwanzo wa Juni au nusu ya pili ya Agosti, na hizo mbili si sawa. Mwanzoni mwa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku na samaki hula chambo vizuri, lakini maji bado ni ya baridi kali, mbu ni wengi kupita kiasi, na kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme wako katika kipindi chao kibaya, kwa hiyo kila jioni mzazi lazima awakague watoto nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Mwishoni mwa Agosti maji huwa yamepata joto na mbu wamepungua. Shule nyingi za Minnesota hufunguliwa baada ya Labor Day, lakini mazoezi ya michezo ya shule huanza mapema zaidi, na familia nyingi huwa zimerudi mjini, jambo linaloacha nyumba wazi. Tatizo la kipindi hicho ni mwani wa rangi ya kijani na buluu ambao baadhi ya maziwa huota wakati wa joto. Ukiona maji yamekuwa kama rangi iliyomwagika, usiwaingize watoto wala mbwa, kwa kuwa mwani huo unaweza kuwa na sumu. Nikiwa na watoto wanaopenda kuogelea nitachagua Agosti bila kusita. Nikiwa na wazee wanaopenda kuvua, nitachagua Juni na kubeba dawa ya mbu ya kutosha.

Piga simu, usitegemee tovuti. Nyingi ya tovuti hizo zilitengenezwa zamani na hazisemi mambo unayoyahitaji, ilhali mama mwenye rizoti atakueleza yote kwa dakika kumi ukimpata wakati wa majira ya baridi akiwa na nafasi. Muulize kama shuka na taulo hutolewa au unakuja nazo, kama mashua imo katika bei na kama injini na petroli ni malipo ya pembeni, kama mbwa anaruhusiwa, na malipo ya awali hurudishwa lini iwapo utaahirisha. Usitegemee huruma sana katika hilo la mwisho, kwani nyumba iliyokaa tupu wiki moja ni hasara isiyofidika ndani ya msimu mfupi namna ile. Muulize pia vitanda ni vingapi, si vyumba, kwa sababu nyumba inayotangazwa kuwa ya watu wanane mara nyingi huwa na vyumba viwili vyenye vitanda vya kupandana na kochi la kukunjua sebuleni.

Swali ambalo watu wetu hulisahau ni la wageni wa mchana. Sisi tukikodi nyumba ya wiki moja, shangazi, binamu na majirani wa zamani hujua kwamba Jumapili wanakuja na masufuria ya pilau, na hakuna anayeona haja ya kuomba ruhusa. Kwenye rizoti hizi jambo hilo huleta ugomvi haraka. Maji hutoka kisimani, maji taka huingia kwenye tangi lililozikwa chini na kutawanywa ardhini, na mfumo wote umepimwa kulingana na idadi ya watu wanaolala pale. Rizoti hukaguliwa na idara ya afya, na tangi likifurika katikati ya Julai mwenyewe hana njia ya haraka ya kujinasua. Niliwahi kushuhudia magari manne ya ndugu wa mgeni mmoja yakirudishwa langoni, na mwenye rizoti hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na hofu. Omba ruhusa mapema, taja idadi, uwe tayari kulipa ada ya kila mgeni wa mchana, na mara nyingi utakubaliwa.

Jikoni utakuta jiko, friji, sahani na sufuria nyepesi zinazounguza kila kitu. Mwiko hakuna. Beba sufuria yako nzito ya ugali, mwiko, kisu kikali na viungo vyako, maana duka la karibu huuza chambo, barafu na mkate mweupe, na pengine halina zaidi ya hapo.

Ziwa lenyewe linastahili heshima kuliko bwawa la mjini. Ufukoni hakuna mwokoaji wa kulipwa. Mwokoaji ni wewe, nawe huwezi kuwa mwokoaji ukiwa umeinamia simu. Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi okozi wakati mashua inakwenda. Mimi naongeza sheria ya nyumbani kwangu, kwamba asiyejua kuogelea halikanyagi gati bila jaketi, awe na miaka 5 au 50. Rizoti huwa na majaketi ya kuazima, lakini ya ukubwa wa watoto wadogo hugombaniwa, basi nunua lako mjini. Kabla hujawasha injini kwa mara ya kwanza, mwombe mwenye rizoti akuchoree ziwa. Mmoja alichukua risiti yangu, akaigeuza, akachora ufuko kwa mstari mmoja, kisha akaweka alama ya msalaba karibu na rasi na kuniambia kwamba hapo pana mwamba ulio futi moja chini ya maji, ambao hauonekani jua likiwa machoni. Akanionyesha vijembe vilivyopinda vya rafadha, yaani pangaboi linalosukuma mashua, vimetundikwa ukutani nyuma yake, kila kimoja na mwaka wake. Nilipita mbali na ile rasi wiki nzima. Na ukisikia radi, hata ikiwa mbali, rudi gatini mara moja. Mashua ya alumini katikati ya ziwa si mahali pa kungojea wingu lipite.

Anayevua akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi anahitaji leseni ya Idara ya Maliasili ya jimbo, ambayo hununuliwa mtandaoni, na zipo za muda mfupi kama ile ya saa 24. Samaki anayetafutwa kuliko wote ni yule ambaye wenyeji humwita walleye, samaki rasmi wa jimbo tangu mwaka 1965, ambaye msimu wake hufunguliwa katikati ya Mei. Vipimo na idadi unayoruhusiwa kubaki nayo hutofautiana kati ya ziwa na ziwa, kwa hiyo soma tangazo lililobandikwa penye njia ya kushushia mashua kabla hujajaza ndoo. Usiparue samaki kwenye sinki la nyumba. Kuna kibanda maalumu chenye meza, bomba na pipa la matumbo, na kibanda hicho ndicho kijiwe halisi cha rizoti: wanaume wanaojifanya hawana neno mchana kutwa hufunguka pale, nawe utaambiwa kina gani, saa ngapi na chambo gani kilichofanya kazi jana. Ukija na mashua yako mwenyewe, sheria inakutaka uondoe majani yote ya majini, umwage maji na uache kizibo cha chini kikiwa wazi unapoisafirisha, ili usihamishe kome wadogo wenye milia ambao wamekwisha kuvamia maziwa mengi na wakishaingia hawatoki.

Usiku utasikia kilio kirefu kitakachowaamsha watoto. Ni ndege rasmi wa jimbo, ambaye wenyeji humwita loon, mweusi mwenye madoa meupe mgongoni na macho mekundu. Hujenga kiota ukingoni kabisa mwa maji kwa sababu miguu yake iko nyuma mno na hawezi kutembea vizuri nchi kavu, hivyo wimbi la mashua inayopita kasi karibu na matete linaweza kuzoa mayai. Ukimwona ameinua kifua na kupigapiga maji, hachezi, anakufukuza. Kwenye maziwa mengine, hasa ya eneo la Leech Lake, utaona pia mashamba ya mpunga wa mwituni yaliyosimama ndani ya maji. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wamevuna mpunga huo kwa vizazi vingi, na mpaka leo uvunaji hufanyika mwishoni mwa Agosti na Septemba kwa mtumbwi na fimbo mbili, mtu mmoja akisukuma mtumbwi na mwingine akiinamisha mashina na kuyapukuta. Usipite humo na injini, kwani rafadha hung'oa mimea na kuharibu mavuno ya watu.

Siku moja ya mvua itakuja tu. Ukiwa upande wa mji wa Bemidji, nenda hifadhi ya Itasca, iliyoanzishwa mwaka 1891, ambako mto Mississippi hutoka ziwani ukiwa mwembamba kiasi kwamba watoto huuvuka juu ya mawe.

Kuhusu wenyeji wenyewe, watakuomba uwaite kwa jina la kwanza hata wakiwa na mvi, na utaona ugumu kidogo. Watoto wangu walishindwa, wakamwita mzee mmoja babu, nikalazimika kumweleza maana yake. Tangu siku hiyo alikuwa akiwawekea minyoo ya chambo pembeni. Usiwagongee mlango saa nne usiku kwa ajili ya balbu, maana wanaamka kabla ya jua. Lakini choo kikiziba au gesi ikinuka, wagongee saa yoyote, kwani hilo ndilo wanalotaka kulijua kwanza. Katika jimbo hili rizoti za namna hii zimepungua sana katika miongo ya karibuni, kwa kuwa ardhi ya ufukoni imepanda bei na kuiuza vipande vipande huleta fedha nyingi kuliko kuendelea kuosha shuka za watu. Ukiona bei imeongezwa kidogo mwaka ujao, usianze kubishana kama uko sokoni.

Ijumaa jioni, kabla hujaanza kufunga mizigo, pita jengo kuu ukaseme kama unataka kurudi, kwa sababu orodha ya mwaka unaofuata huandikwa wakati huo. Ukipewa nafasi ya kuchagua nyumba, usikimbilie ile iliyo karibu kabisa na gati, ambako injini huanza kunguruma saa kumi na moja alfajiri na kila mpita njia huchungulia barazani kwako. Chagua ya tatu au ya nne kutoka hapo, yenye baraza lililozungushiwa wavu wa mbu na dirisha la jikoni linaloona ufuko, ili anayepika aweze kuhesabu vichwa vya watoto majini bila kuondoka jikoni.