Maswali yenu: samaki wa barafu, GMO na lebo

Mimi ni mama karanga, mkaanga samaki, hapa Majengo, Mombasa. Wateja wanakataa tilapia wa China, wanasema ni GMO. Ni kweli?

Si kweli, mama. GMO ni kiumbe aliyebadilishwa jeni, yaani chembe za urithi, katika maabara. Tilapia wa kufugwa wametokana na kuchagua wazazi wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi. Vifaranga wengi hulishwa homoni wiki za kwanza ili wawe madume, kwa sababu dume hukua upesi na bwawa halijai watoto. Jeni zao haziguswi. Mimi ningehofia zaidi barafu: iliyeyuka njiani ikagandishwa tena? Katoni ina tarehe? Muulize hayo anayekuuzia.

Kwani yuko samaki wa GMO duniani? (Nyali)

Yuko. Kampuni ya AquaBounty ilimpa samoni wa Atlantiki jeni ya homoni ya ukuaji kutoka kwa samoni wa Chinook, pamoja na kipande cha DNA cha samaki mwingine wa maji baridi, kinachoifanya jeni hiyo ifanye kazi mwaka mzima. Akafikia uzito wa sokoni kwa miezi 18 hivi badala ya karibu miaka 3. Marekani ilimwidhinisha mwaka 2015, Kanada 2016. Mwishoni mwa 2024 kampuni ilisitisha ufugaji.

Naweza kumtambua kwa macho au kwa ladha?

Huwezi. Ni maabara tu.

Sheria yetu inasemaje? (Likoni)

Hapa Kenya tuna Sheria ya Usalama wa Kibayolojia (Biosafety Act) ya mwaka 2009, na kanuni za lebo za 2012 zinazotaka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku kuingiza vyakula hivyo, Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku, na watu wakaenda mahakamani. Samaki wa GMO hajaidhinishwa hapa.

Kanuni ni nzuri, lakini nenda soko la Kongowea asubuhi uone. Katoni inapasuliwa, samaki wanamwagwa kwenye karai, katoni inatupwa. Maandishi yote yamekwenda nayo kabla mnunuzi hajafika.

Kama wataalamu wamesema ni salama, lebo ya nini? (Kisauni)

Ndugu yangu, usalama ni jambo moja na kujua unachokula ni jingine. Mimi naamini wataalamu waliompima yule samoni. Hata hivyo, mwaka 2017 tani 4.5 za minofu yake ziliuzwa Kanada bila lebo, kwa kuwa sheria ya kule haikuitaka, na mlaji hakuwa na njia ya kujua. Huyo hakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa, awe na sababu ya dini, ya mazingira, au asiwe na sababu kabisa. Pesa ni zake, tumbo ni lake.

Marekani iliifanya lebo kuwa lazima kuanzia Januari 2022, lakini hoteli zikasamehewa, na kampuni zikaruhusiwa kuweka alama ya kuskani kwa simu. Hapo mimi nakataa katakata. Mtu anayenunua kipande cha samaki jioni akiwa na simu ya mulika mwizi ataskani nini? Siku samaki huyo akiruhusiwa Kenya, nataka maneno ya Kiswahili kwenye katoni, na yaleyale yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye ubao kando ya friza na kando ya karai.