Sisi tulikuwa wapi mwaka 1942?

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Barua yako tumeisoma, mama yako kwanza kisha mimi, na yeye amenisukumia kazi ya kujibu kwa madai kwamba siasa ndiyo ninayoiwezea mdomo. Haya.

Unasema umeshatimiza masharti ya uraia wa Ujerumani: miaka mitano ya kuishi, lugha, mtihani wa mambo ya nchi. Kilichokukwamisha ni tamko moja. Tangu sheria yao ya uraia ibadilishwe mwezi Juni 2024, mwombaji hutakiwa kutamka kwamba anautambua wajibu wa pekee wa kihistoria walio nao Wajerumani kutokana na udhalimu wa Wanazi, yaani chama cha Hitler kilichoua mamilioni ya Wayahudi, na matokeo yake, hasa wajibu wa kulinda maisha ya Wayahudi. Ukaniuliza: "Baba, sisi tulikuwa wapi mwaka 1942? Hayo yananihusu nini? Na mbona hao wanaotaka niwabebee mzigo wao ndio wanaosema dini yangu si ya kwao?"

Swali la kwanza unaweza kulijibu kwa miguu. Siku ukiwa Berlin, pita mtaa wa Brunnenstraße, tembea ukiangalia chini. Utakuta kibao cha shaba kilichopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, hakizidi sentimita 10 kwa 10, kimewekwa mwaka 2007. Jina lililochorwa pale ni Mohamed Husen. Kwao alikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku naye akaingizwa jeshini angali mtoto. Mwaka 1929 akafika Berlin, akaenda kudai mishahara ya vita ambayo hawakulipwa, yake na ya baba yake. Wakamwambia amechelewa.

Akabaki huko huko. Akawa mhudumu wa mgahawa, akaoa, akaigiza visehemu vidogo kwenye filamu, na chuo kikuu akawa anafundisha Kiswahili, hiki hiki ninachokuandikia. Wanazi waliposhika madaraka aliomba nishani ya waliopigana vitani, wakamnyima. Filamu yake ya mwisho ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani huku kwetu, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo, 1941, akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Hakupelekwa mahakamani. Akatupwa kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, na huko ndiko alikofia tarehe 24 Novemba 1944.

Kwa hiyo mwaka 1942 mmoja wetu alikuwa kambini.

Ila nisikudanganye, kisa cha Mahjub hakimalizi ubishi wako. Kuingia katika historia ya watu kwa mlango wa waliodhulumiwa ni rahisi, kila mtu angependa kupita hapo. Tamko lile linakutaka upite mlango mwingine, ukasimame na wanaodaiwa. Mimi naona usimame. Unajua mirathi ya kwetu inavyokwenda: kabla mrithi hajagusa hata kijiko, madeni ya marehemu yanalipwa kwanza. Hakuna anayesema mrithi ndiye aliyekopa. Wewe unaomba pasipoti ya nchi ile, kura yake, pensheni yake, barabara na hospitali zilizojengwa kabla hujazaliwa. Huwezi kuingia kwenye mali ukaruka madeni. Na soma vizuri, hakuna mahali karatasi ile inakutaka useme wewe ndiye uliyeua.

Najua utakachonijibu: kijana wa Munich aliyezaliwa 1995 naye hakuwepo, mbona yeye haulizwi? Kweli, haulizwi, na hapo naona upungufu mkubwa. Mwaka 2018 Alexander Gauland, wakati huo kiongozi wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, alisimama mbele ya vijana wa chama chake akasema Hitler na Wanazi ni kinyesi cha ndege tu katika historia ya zaidi ya miaka elfu moja ya mafanikio. Uraia wake haukuguswa. Mgeni anatamka kwa kalamu jambo ambalo mwenyeji anaweza kulikana kwenye kipaza sauti na bado akachaguliwa bungeni. Hilo lisemee, na ukishapata kura lisemee kwa nguvu zaidi. Lakini ubovu wa mwenye nyumba si sababu ya wewe kukana deni.

Tuje kwenye dini, maana naona ndiko kunakokuuma zaidi. Yule mfanyakazi mwenzako aliyekwambia Uislamu si wa Ujerumani hakulitunga yeye. Mwaka 2010 Rais Christian Wulff alisema Uislamu nao sasa ni sehemu ya Ujerumani. Mwaka 2018 waziri wao wa mambo ya ndani, Horst Seehofer, akasema si sehemu yake, ingawa Waislamu wanaoishi nchini ni sehemu yake. Eti watu ndani, imani yao nje, kama viatu mlangoni! Mwaka huo huo jimbo la Bavaria likaagiza msalaba utundikwe kwenye lango la majengo ya serikali ya jimbo, na wakasema ni alama ya utamaduni wao. Ningekuwa Mkristo ningelalamika zaidi ya Mwislamu.

Mizizi ya jambo hili imo kwenye katiba yao. Katiba yao ya zamani ya 1919, iitwayo ya Weimar, iliyapa makanisa hadhi ya taasisi za umma, na vifungu vile vikaingizwa katika katiba ya sasa. Ndiyo maana mpaka leo serikali inayakusanyia makanisa kodi ya waumini wao. Mlango huo uko wazi kwa dini nyingine pia. Wayahudi wanao, na Waahmadiyya, jumuiya mojawapo ya Kiislamu, waliupata jimbo la Hesse mwaka 2013. Misikiti mingi bado ni vyama tu vya kawaida, kwa sehemu kwa sababu msikiti hauna daftari la waumini wala askofu wa kutia sahihi. Kwa hiyo si kila unachokiona ni chuki. Mengine ni nguo iliyokatwa kwa kipimo cha kanisa, na mvaaji mwingine inambana.

Lakini kwamba Uislamu umeingia Ujerumani jana? Msikiti wa kwanza uliojengwa kule kwa ajili ya ibada ulisimama Wünsdorf, karibu na Berlin, mwaka 1915. Ulikuwa wa mbao, ndani ya kambi ya mateka Waislamu waliotekwa kutoka majeshi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi, na serikali ya Kaiser, mfalme wao, iliwajengea ili iwageuze wapigane upande wake. Haukudumu. Baadaye kidogo akaja Mohammed Helmy, daktari Mmisri aliyefika Berlin mwaka 1922 kusoma. Wanazi walimfukuza hospitali alikokuwa akifanya kazi, naye akamficha binti wa Kiyahudi, Anna Boros, mpaka vita vikaisha, akamtafutia hata hati ya kuonyesha amesilimu. Mwaka 2013 Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilimtambua kuwa miongoni mwa wema wa mataifa, yaani wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi, Mwarabu wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Najua utafurahi kumpata Helmy. Mchukue, ni wako. Ila ukimchukua yeye, mchukue na mufti wa Jerusalem, Amin al-Husayni, aliyekuwa Berlin miaka ile ile akila kwa hisani ya Hitler na kuwaandikisha Waislamu wa Bosnia katika SS, jeshi la chama cha Wanazi. Huyo naye ni wetu. Siwaamini Waislamu wanaomtaja mmoja na kumficha mwingine, kama nisivyowaamini Wajerumani wanaojivunia mshairi wao Goethe halafu wakifika 1933, Hitler aliposhika madaraka, wanabadilisha mazungumzo.

Unaandika pia kwamba tangu Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israel, kila Mwislamu huko anatazamwa kama mtu aliyepakia chuki ya Wayahudi kwenye sanduku lake. Wapo wenye chuki hiyo, na ukiwasikia msikitini usinyamaze. Lakini wanaokutazama hivyo wakumbushe na mji wa Halle. Tarehe 9 Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, sikukuu tukufu ya Wayahudi, Mjerumani mwenye siasa kali za kibaguzi alikwenda na silaha hadi sinagogi la mji ule. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 50 kwenye sala. Akaupiga mlango risasi, mlango ukagoma. Akamuua mwanamke mpita njia, kisha akaliendea duka la kebabu na kumuua kijana aliyekuwa humo akila. Kwa nini kebabu? Kwa sababu katika akili yake Myahudi na Mwislamu walikuwa adui mmoja. Baadaye vijana wa umoja wa wanafunzi wa Kiyahudi wakachangisha fedha kulisaidia duka lile. Nadhani wale walielewa Ujerumani ni ya nani kuliko mawaziri wengi.

Sasa lipo jambo ambalo hukuliuliza na mimi nimelifikiria sana. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa waliyoyatenda Wajerumani mwaka 1905 hadi 1907. Alikutana na uzao wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, ambao bado wanatafuta fuvu lake, na akaahidi kusaidia kulitafuta. Akasema simulizi hizo atazipeleka kwao, kwa kuwa Wajerumani wengi hawazijui. Wakati ule tulikuwa upande wa wanaoombwa. Ukichukua uraia utakuwa pande zote mbili, mjukuu wa walioteketezewa mashamba na raia wa dola iliyoyateketeza. Idadi ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, wao wenyewe waliikadiria 75,000, na wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000.

Usidhani hapo utakuwa umesaliti. Dola ile haikuja na wapiganaji wake wote kutoka Ulaya. Waliobeba bunduki dhidi ya Wamatumbi na Wangoni wengi walikuwa askari weusi, Wasudani na wenyeji wa bara letu hili, na katika hao alikuwamo mtu kama baba yake Mahjub. Sisi huku tunafundisha Majimaji kama umoja wa taifa, na ni haki yetu, lakini askari tunawataja haraka haraka. Na sisi tuna daftari letu.

Kwa hiyo tia sahihi. Kisha siku mtoto wako akianza shule huko, muulize mwalimu wake wa historia Majimaji iko ukurasa gani. Ukiambiwa haimo, wewe si mgeni anayelalamika tena, ni mzazi na mpiga kura anayetaka deni lake lisomwe lote, la Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wayahudi, na la Songea.

Kinachoniuma ni upande wetu. Ujerumani haikutaki uukane uraia wa kwanza, lakini sheria ya Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo siku utakayopokea ule utaupoteza huu. Mama yako hilo hajalikubali, na mimi siwezi kumlazimisha. Mpigie simu wewe mwenyewe, mzungumze kabla hujapeleka karatasi. Nakala ya cheti cha kuzaliwa uliyoitaka tayari ninayo, imegongwa muhuri, niambie tu niitume kwa anwani ipi.

Wasalaam,
Baba yako