Kulala kwa wakulima wa chai Tukuyu

Dada, umeuliza ubebe nini ukienda kukaa na familia ya wakulima wa chai Tukuyu, wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, mwezi wa saba. Sweta zito kwanza! Watu wanasikia Mbeya wanadhani ni jua. Rungwe Julai asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni. Buti za mpira pia, maana umande wa kwenye michai unalowesha hadi magotini.

Ukiomba kuchuma watakuruhusu, ila chuma majani mawili na chipukizi, basi. Na usishindilie kikapuni. Mimi nilishindilia nionekane mchapakazi. Yakapata joto, yakaanza kuwa mekundu, mama mwenyeji akayamwaga chini akaanza kuchambua moja moja bila kusema neno. Niliona aibu. Majani yanatakiwa yafike kiwandani siku ileile, hivyo siku ya kupima mzani usitegemee mtu wa kupiga naye soga.

Chakula usihofu: ndizi, maharage, maziwa, parachichi mpaka uchoke. Mkono mtupu usiende, peleka sukari na sabuni. Ukipewa kitu sema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, watacheka ila watafurahi.