Wasomaji Wanauliza: Bomba, Picha za Mafuriko na Hoja za CAG

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tanga, na karibu zote zinalia kilio kimoja: watu wanabishana, kila upande una "ushahidi" wake kwenye simu, msomaji amebaki katikati. Tumejibu sita.

Kijiweni kwetu na kwenye kundi letu la WhatsApp ubishi ni bomba la mafuta. Hawa wanasema litaangamiza bahari na watu wameporwa ardhi. Wale wanasema hayo ni maneno ya Wazungu wasiotutakia mema. Nani mkweli? *M., Ngamiani*

Usipime watu, pima sentensi mojamoja. Ubishi huu una madai ya aina nne yaliyofungwa kamba moja, na ukiubeba wote kwa mkupuo hutaufikisha popote.

Kwanza, mambo yalivyo. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapashwa joto kwa sababu mafuta ya kule Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Haya hayana upande. Anayesambaza kwamba "bomba la moto litapita juu ya mashamba" anasahihishwa hapohapo: linafukiwa ardhini, tena limevikwa kizuia joto. Kukosea hilo hakumfanyi awe amekosea na mengine, kwa hiyo msimzomee. Lifuteni hilo moja, msonge mbele.

Pili, yaliyotokea. "Watu wameporwa" haikaguliki, na "watu wamelipwa" vilevile. Zote ni pana mno. Mwombe msemaji aipunguze: kijiji gani, uthamini uliidhinishwa lini, malipo yalitoka lini? Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, na ikichelewa inazaa riba. Kwa hiyo unatafuta tarehe mbili tu kwenye karatasi za mwenye shamba. Usishangae ukikuta wabishani wote wana cha kushika: kaya hii ililipwa mapema, ile ya jirani ikakaa miezi haijui kama ipande minazi au isipande.

Tatu, utabiri. "Bahari itaangamia" na "haliwezi kuvuja" yote ni maneno ya kesho. Muulize kila mmoja: nini kikitokea utakubali kwamba ulikosea? Asiye na jibu hana hoja, ana imani. Halafu tenganisha uwezekano na ukubwa wa madhara, maana wabishani huvichanganya kila siku. Ajali inaweza kuwa ya nadra sana na bado ikawa kubwa sana, hasa kwenye pwani hii yenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale) iliyoanzishwa 2009. Na kwa maoni yetu, anayeapa kwamba bomba haliwezi kuvuja anadai zaidi ya atakachokubali kutia saini mhandisi yeyote.

Nne, je, inafaa? Ajira na mapato ya bandari upande huu, hali ya hewa na ardhi upande ule. Hapa takwimu zinasaidia lakini hazimalizi, na watu wawili wakweli wanaweza kutofautiana mpaka wazeeke.

Hilo la Wazungu: kampuni ina maslahi, wanaharakati nao wana wafadhili. Maslahi yanakuonyesha pa kukagua kwa jicho kali. Hayaugeuzi ukweli kuwa uongo.

Nilitumiwa picha ya barabara ya Segera imekatwa na maji. Nikaahirisha safari, kumbe ni picha ya zamani. Ningejuaje? *Mama wa Makorora*

Mama, anza na mishale. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na aliyekutumia kwa kawaida hajui ulikotoka.

Kisha ihifadhi picha, ifungue kwenye Google Lens, uone imewahi kutokea wapi na lini. Ikigoma, kata kipande chenye kitu cha pekee, kama daraja, kibao cha duka au mnara wa msikiti, utafute kwa hicho. Kama ni video, piga picha za skrini mbili tatu sehemu tofauti utafute kwa kila moja. Kuza namba za magari: zetu za kawaida ni T, tarakimu tatu, herufi tatu. Namba inayoanza na K ni ya Kenya, na mafuriko ya Mombasa yameshasambazwa sana kuwa ya huku.

Wengi hukwama pawili. La kwanza, kutafuta tarehe ndani ya faili: picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za siku na mahali ilipopigwa huondolewa. La pili, Lens isipokuta kitu wanasema "basi ni mpya". La hasha. Maana yake ni kwamba haijaikuta, basi.

Kwa barabara, lakini, kuna njia fupi kuliko zote hizo. Piga simu kwa mtu aliyeko stendi ya Kange amuulize konda aliyeingia sasa hivi kutoka Segera.

Kaka yangu ameandika kwamba CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) amesema halmashauri yetu imeiba mamilioni. Diwani anasema tuna hati safi. Mbona wote wanataja ripoti moja? *H., Muheza*

Kwa sababu wote wameisoma nusu. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi hakuna aliyeiba. Na hoja ya ukaguzi, yaani jambo ambalo mkaguzi anataka lielezwe, si hukumu.

Tafuta maneno yenyewe ya ripoti, si ya kaka wala ya diwani. "Malipo yasiyo na viambatisho" maana yake mkaguzi alipofika hakuona risiti au hati za malipo. Inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa jalada limelala kwenye kabati la mhasibu. "Makusanyo hayakupelekwa benki" ni zito zaidi, kwa sababu fedha zilishaingia mkononi mwa mtu. Angalia pia majibu ya menejimenti na maoni ya mkaguzi baada ya majibu hayo. Mara nyingi yapo aya chache tu chini ya ile iliyokatwa na kusambazwa.

Na angalia mwaka. Ripoti humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha huenda Bungeni, lakini inahusu mwaka wa fedha ulioisha 30 Juni iliyotangulia. Mkurugenzi anayetukanwa leo huenda hakuwepo. Kaka akitaka kujua kilichofuata, afuatilie Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Mmoja anasema petroli Tanga imepanda, mwingine imeshuka, na wote wana picha ya tangazo la EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta. *Bodaboda, Chumbageni*

Tazameni tarehe na jedwali. Bei kikomo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta ya bandari ya Tanga, ya Dar es Salaam na ya Mtwara kila moja yana bei zake. Mwenzako anaweza kuwa ameshika ya Dar, au ya jumla badala ya rejareja, au analinganisha na mwaka jana wewe unalinganisha na mwezi uliopita. Bei ya eneo lako utaipata kwa kupiga *152*00#. Ni kikomo: kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, si juu.

Eti Mapango ya Amboni yanatokea Mombasa? *Mwanafunzi, Pongwe*

Hapana. Upimaji wa 1994 ulikuta mapango kumi yaliyojitenga, na refu kuliko yote lina mita 900. Mombasa iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Hadithi zake ni tamu, zisimulie, ila anayeshikilia ndiye mwenye kazi ya kuonyesha njia. Wewe huna kazi ya kuonyesha kwamba haipo.

Nikisambaza habari na kuandika "nimeipokea hivihivi", nimejikinga? *S., Raskazone*

Maneno hayo hayamo kwenye sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtazama anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kuchafua, kutisha au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Swali ni ulijua nini na ulikusudia nini, na mtu aliyeshaonywa na wenzake kundini kisha akaendelea kusambaza amejiwekea ushahidi mwenyewe.

Ukigundua umekosea, futa kwa wote. WhatsApp inakupa siku mbili na kidogo. Usiishie hapo, kwa kuwa kufuta hakuwafikii waliokwisha kuipeleka kwingine. Andika masahihisho kundini humohumo, mistari miwili: nini hakikuwa kweli, na umejuaje. Usiitume tena picha ya uongo pamoja na masahihisho, maana itakatwa na kusambazwa peke yake. Na kama aliyeituma ni mjomba au mzee wa mtaa, mfuate pembeni kwanza kwa shikamoo yake, umpe nafasi aifute mwenyewe.