Mizania mbili za wanunuzi wa asali: ipi italipa kwa wakati?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha warina asali wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Kampuni mbili zinataka kuchukua asali yetu ya msimu ujao kwa mkopo na kulipa ndani ya siku 60. Kila moja imetupatia nakala ya hesabu zake zilizokaguliwa, nami nimeziambatisha. Ya kwanza ina mali za shilingi milioni 2,970, na ya pili ina milioni 850 tu, hivyo wanakikundi wengi wanaitaka ya kwanza. Mweka hazina wetu anasita, ila hajaweza kueleza kwa nini. Je, mizania hizi zisomweje, na zilinganishweje?

JIBU: Ndugu Katibu, mweka hazina wenu ana haki ya kusita. Jumla ya mali hueleza ukubwa wa kampuni, wala haisemi kama siku ya sitini baada ya kubeba ndoo zenu kutakuwa na fedha za kuwalipa. Anayeuza kwa mkopo anatakiwa kujua mali zipi za mnunuzi zitageuka fedha mapema, na madeni yapi yataiva kabla ya deni lake. Watu wa Tabora hatuhitaji kufundishwa maana ya kusubiri malipo. Tumbaku imetufundisha vya kutosha. Tarakimu zote nitakazotumia hapa ni za mamilioni ya shilingi, kama zilivyo katika nakala zenu.

Kabla ya tarakimu yoyote, tazameni tarehe iliyo juu ya ukurasa. Mizania, yaani orodha ya mali, madeni na mtaji ambayo wakaguzi siku hizi huiita taarifa ya hali ya kifedha, huonyesha hali ya kampuni kwa siku moja tu. Kampuni ya Kwanza imefunga hesabu tarehe 31 Desemba na Kampuni ya Pili tarehe 30 Juni. Kwa muuza saruji tofauti hiyo ingekuwa ndogo, lakini asali yetu ya msimu mkubwa hurinwa zaidi katikati ya mwaka, na kwa hiyo mizania ya Juni inaikuta kampuni ghala likiwa linajaa na wauzaji wakiwa bado wanadai, ilhali ya Desemba inapaswa kuikuta imekwisha kuuza sehemu kubwa na kulipa. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nibadili maoni yangu mara mbili nilipokuwa nikizisoma karatasi zenu.

Sasa tuje kwenye ukubwa uliowavutia wanakikundi. Kampuni ya Kwanza ina mali za kudumu za 1,900, na kati ya hizo ardhi na majengo ni 1,500. Shukeni hadi upande wa mtaji, mtaona hisa 300, faida limbikizi 100, na akiba ya uthaminishaji 900. Akiba hiyo haikutokana na asali iliyouzwa; ilitokana na mthamini aliyeyapa majengo yaleyale thamani mpya. Viwango vya uhasibu vinaruhusu jambo hilo, wala hakuna udanganyifu ndani yake. Lakini ukiiondoa, mtaji wa Kampuni ya Kwanza unashuka kutoka 1,300 hadi 400, na mtaji wa Kampuni ya Pili, yenye hisa 120 na faida limbikizi 280, nao ni 400 kamili. Zaidi ya hayo, maelezo ya hesabu yanaonyesha kwamba majengo hayo yamewekwa rehani benki. Mambo yakiharibika, benki yenye rehani itajilipa kwanza kutokana na majengo, nanyi msio na dhamana yoyote mtasimama nyuma yake.

Mali za muda mfupi ndizo zinazowahusu zaidi. Kampuni ya Kwanza ina bidhaa ghalani 420, wadaiwa (yaani fedha ambazo kampuni inawadai watu wengine) 610 na fedha 40, jumla 1,070, dhidi ya madeni ya muda mfupi ya 1,150. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi inayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka, ina senti 93 tu za kulipia. Kampuni ya Pili ina bidhaa 380, wadaiwa 150 na fedha 90, jumla 620, dhidi ya madeni ya 410, yaani shilingi moja na senti 51 kwa kila shilingi inayodaiwa. Hapa ya pili inaongoza waziwazi. Hata hivyo, ukitoa bidhaa zilizo ghalani na kubakiza fedha na wadaiwa peke yake, ya kwanza inapata 0.57 na ya pili 0.59, na tofauti karibu inatoweka. Msomaji anayeishia kwenye uwiano mmoja angeweza kutetea jibu lolote analolipenda.

Ndiyo maana nimeingia katika maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma ambazo watu wengi huzifunga bila kuzisoma. Katika wadaiwa 610 wa Kampuni ya Kwanza, 240 zinadaiwa mkurugenzi wake mwenyewe, na hapakuandikwa tarehe ya kulipa. Deni la namna hiyo silihesabu kama fedha inayokuja, kwa kuwa anayetakiwa kudai ndiye anayedaiwa. Ukiliondoa, fedha na wadaiwa wa Kampuni ya Kwanza wanabaki 410 dhidi ya madeni 1,150, na ule uwiano wa 0.57 unaanguka hadi 0.36. Sikupata kitu cha aina hiyo kwenye karatasi za Kampuni ya Pili.

Kuhusu bidhaa ghalani, naomba niwaeleze kilichonipata. Miaka ya nyuma nilitumwa kushuhudia kuhesabiwa kwa asali katika ghala la mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini. Nilihesabu ndoo, nikazizidisha kwa bei ya ununuzi, hesabu ikalingana na daftari hadi ndoo ya mwisho, nikaridhika. Mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala ndiye aliyenifungulia ndoo moja ya nyuma: povu lilikuwa limeinua mfuniko, na harufu ilikuwa ya pombe. Tulipoipima kwa kile kipimo kidogo cha maji kinachotazamwa kwa jicho moja, ilikuwa imepita asilimia 20 kwa mbali, na asali yenye maji kiasi hicho huchacha. Kanuni inataka bidhaa ziandikwe kwa gharama au kwa bei zinayoweza kuuzwa, ipi iliyo ndogo. Zile ndoo zilikuwa zimeandikwa kwa gharama kamili. Kwa hiyo 420 za ghalani mwezi Desemba zinanisumbua kuliko 380 za Juni. Asali iliyo ghalani Juni huenda imeingia wiki chache zilizopita. Iliyobaki Desemba ama inangoja mnunuzi, ama mnunuzi aliiona akaikataa, na mizania haitofautishi kati ya hizo mbili.

Tuje kwenye kipimo kinachowagusa moja kwa moja, yaani kampuni huchukua siku ngapi kuwalipa watu kama ninyi. Mnachukua wadai wa biashara, yaani deni ambalo wauzaji wanaidai kampuni, mnagawanya kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa katika mwaka, kisha mnazidisha kwa siku 365. Kampuni ya Kwanza ina wadai wa biashara 480 na gharama ya mauzo 1,095, kwa hiyo jibu ni siku 160. Inawaahidi siku 60. Kampuni ya Pili ina wadai 300 na gharama ya mauzo 730, na jibu linakuwa siku 150, jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka lingezifanya kampuni hizi kuwa mapacha katika uchelewaji.

Hapa ndipo tarehe inapofanya kazi yake. Wadai 300 wa Kampuni ya Pili wamehesabiwa tarehe 30 Juni, katikati ya ununuzi, na inawezekana kabisa kwamba wengi wao walikuwa wamepeleka asali mwezi huohuo. Kuligawanya deni hilo kwa gharama ya mwaka mzima ni kuionea kampuni hiyo. Kampuni ya Kwanza haina utetezi huo. Hata mkiondoa asali kidogo inayonunuliwa kuelekea mwisho wa mwaka, deni la 480 tarehe 31 Desemba linaonyesha kwamba wapo waliouza katikati ya mwaka na kuingia mwaka mpya wakiwa bado wanadai. Ongezeni hapo ovadrafti (fedha iliyochukuliwa benki kupita salio la akaunti) ya 350 na sehemu ya mkopo ya 320 inayotakiwa kulipwa mwaka huu, na fedha taslimu ni 40.

Msiione Kampuni ya Pili kuwa malaika. Mali zake za kudumu ni 230 tu kwa sababu ghala lake ni la kupanga. Imetumia viwango vya uhasibu vya kampuni ndogo na za kati, ambavyo huacha kodi za pango la kawaida za miaka ijayo nje ya mizania na kuzitaja kwenye maelezo. Chini ya viwango kamili, tangu 2019, sehemu kubwa ya wajibu huo ingeonekana kama deni. Isomeni aya hiyo ya kodi ya pango kabla ya kutia saini. Kumbukeni pia kwamba hati inayoridhisha ya mkaguzi, ambayo kampuni zote mbili wanayo, huthibitisha kuwa hesabu zimeandaliwa ipasavyo, wala haithibitishi kuwa kampuni ina afya.

Kwa karatasi hizi, mimi ningeipa asali Kampuni ya Pili, kwa sharti la nusu ya malipo wakati wa kupakia na nusu ndani ya siku 60. Kampuni ya Kwanza ningeiuzia kwa fedha taslimu tu. Kabla ya kufunga mkataba, iombeni Kampuni ya Pili hesabu zake za ndani za tarehe 31 Desemba pamoja na orodha ya wadai kwa umri wa madeni yao. Mkizipata, nitumieni, kitu cha kwanza nitakachotafuta ni kama zile 300 za wadai zilikuwa zimeshuka, na kama kuna yeyote aliyeuza Juni ambaye jina lake bado limo.